Chumvi ya Opiter

Vijana wa siku hizi wakikaa kunywa husimulia kwamba mji wetu ulianzishwa na wafalme, mbwa mwitu na ngurumo za mbinguni. Nawaacha waseme. Mimi nilikuwepo, na nilichokiona ni mume wangu, matope hadi magotini, akishika plau nyuma ya ng'ombe mwenye uchu wa chumvi.

Wakati huo hapakuwa na Roma. Palikuwa na kilima, vibanda vyetu vya udongo na matete, na bwawa kule chini ambalo Mto Tiberi ulilijaza kila masika. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bwawani ukameza kila kitu. Miti ilibaki bila miguu. Mbuzi walilia mahali usipopaona, na mtu aliyetoka kuchota maji ulikiona kichwa chake kwanza, kisha mtungi, kisha yeye mwenyewe akikusalimu utadhani mmekutana ndotoni. Nilikuwa binti mdogo aliyeolewa juzi juzi tu. Tulitoka Alba, kule juu ziwani, mimi nimepakata moto wa nyumbani kwetu ndani ya chungu, Opiter mbele yangu na ng'ombe wake wawili weupe, dume na jike. Jike tulimwita Kandida. Njia nzima Opiter alizungumza naye kuliko alivyozungumza na mimi.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi mdomo wangu hauna kufuli, kwa hiyo tulielewana.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika kibanda kile cha ukingoni mwa kilima. Alikuwa wa kike, na alikufa kabla ya siku ya kupewa jina. Wakubwa kwetu tunawachoma, majivu yao tunayatia katika kijumba cha udongo chenye mlango na paa, tunakizika bondeni. Lakini mtoto ambaye hajaota meno, moto haumhusu. Tulimlaza ndani ya mtungi, chini ya ukingo wa paa, pale matone ya mvua yanapoangukia, ili abaki wa nyumbani. Kila jioni nilitoka na unga na chumvi kidogo, nikamnyunyizia, nikaongea naye mawili matatu.

Na nilimwota. Huko ndotoni hakuwa amekufa, alikuwa akikua. Alianza kukaa, kisha akaanza kutambaa, na usingizini nilisikia viganja vyake vikigusa ukuta kwa nje, taratibu, akizunguka nyumba akitafuta mlango. Nikiamka, ni matone tu. Sikuwa nalia. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na sikumwambia mtu, maana wangenipeleka kwa waganga.

Basi wazee wakakubaliana kwamba vibanda vyetu viwe mji. Mji kwetu hauanzi kwa ukuta, unaanza kwa mfereji. Dume jeupe na jike jeupe wanafungwa nira moja, jike upande wa ndani, na mwenye plau anazunguka kilima chote bila neno, kichwa amefunika. Mstari ule ukishachimbwa haukanyagwi, anayeuvuka anauawa. Penye lango tu ndipo plau inainuliwa na kubebwa, ardhi inabaki nzima, watu wapite. Ng'ombe hawapigwi. Hakuna kurudi nyuma. Litakalotokea limetokea.

Attus, mtazama ndege wetu, aliyesoma kauli ya miungu katika mruko wao, alisimama alfajiri akatazama mbingu, akasema maneno yake, akachomeka vijiti kuonyesha mstari utakapopita. Nilipotoka nje nikakuta kijiti kimesimama chini ya paa langu, juu ya mwanangu.

Nilimfuata mbio.

"Mzee Attus, kijiti chako umekikosea."

"Sikosei mimi. Ndege ndio waliosema."

"Ndege wanajua aliyelala pale?"

Akanitazama kwa lile jicho lake moja zima. "Rutila, mwanangu, kibanda utajenga kingine. Matete yamejaa bwawani."

"Sisemi kibanda. Nasema mtoto. Chuma cha plau kitamtoa nje."

"Maneno nimeshayatamka mbele ya miungu. Nikiyarudisha, mji mzima umeharibika kabla haujaanza." Kisha akaongeza, na sijui kama alitaka kunifariji, "Hakuwa na jina, binti yangu. Asiye na jina hahesabiwi."

"Hata wewe ulizaliwa huna jina," nikamwambia, "na mama yako alikuhesabu." Nikamwacha pale na vijiti vyake.

Kumhamisha sikuweza. Aliyelazwa chini ya paa amekabidhiwa nyumba. Ukimfukua, hajui tena kwao ni wapi, anatangatanga. Nilimwomba Opiter akatae kazi ile. Ng'ombe weupe walikuwa wake, kwa hiyo na plau ilikuwa yake.

"Nikikataa watamchukua Kandida, watampa mwingine plau," akasema.

"Kwa hiyo utamlima mwanao kwa mikono yako."

Alikuwa anachonga mti wa nira, akaendelea kuchonga.

"Opiter, nasema na wewe au nasema na ukuta?"

"Nimekusikia, mke wangu."

Ni hayo tu. Usiku huo mwanangu alinijia ndotoni akitambaa, na safari hii ukuta haukuwepo. Alikuwa anatambaa kwenye ukungu, mbali, na mimi nikimwita sikuwa na neno la kumwitia. Hapo ndipo nilipolia, na nililia sana.

Siku zilizofuata, usiku nilisikia tena ndotoni viganja vikigusa ukuta kwa nje, na mchana nyumba yetu haikuwa na amani. Kandida alianza vituko. Alilia tangu kulipokucha, akalamba kuta, akalamba mawe ya jikoni, siku moja akalamba mkono wangu hadi ukauma. Nikajua amekosa chumvi. Nikaenda kumchukulia, nikakuta bonge letu lote halipo. Lilikuwa la ukubwa wa kichwa cha mtu, limetoka kwa wachemsha chumvi wa kule mto unapoingia baharini, na tulikuwa tunalitegemea hadi majira ya baridi, maana kwa chumvi ndiyo tulipata jibini na sufu kwa Wasabini wa vilima vya jirani.

"Chumvi iko wapi?" nikamuuliza.

"Imeisha."

"Imeisha vipi? Ilikuwa na miguu?"

Akajifanya hamnazo. Wakati huo mashua ya wageni wauza divai ilikuwa imetia nanga pale chini mtoni, na wanaume wetu wote walikuwa hawakauki huko. Nilijumlisha nikapata.

"Umeinywa!" nikapiga kelele. "Mtoto wako anakwenda kufukuliwa, na wewe umebeba chumvi ya nyumba ukanywea divai!"

Opiter akasimama mlangoni, akakuna shingo, akasema, "Haya. Nimeinywa."

Jirani yangu Popilia alikuwa akisikiliza upande wa pili, kama kawaida yake. Kabla maji hayajachemka, kilima kizima kilikuwa na habari. "Shemeji," akamwambia Opiter alipopita, "ukitoka jasho tukukinge chombo, tupate ya mchuzi!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa uchungu.

Wakabomoa kibanda chetu. Nguzo ziling'oka kirahisi, nikashangaa jinsi nyumba ilivyo kitu kidogo ikilala chini. Nikabeba moto wangu kwenda kwa Popilia. Usiku wa mwisho sikuota chochote.

Siku ya mfereji ukungu ulikuwa mzito kuliko nilivyowahi kuuona. Tulisimama wote upande wa ndani, kila mtu na kitambaa kichwani, hakuna aliyekohoa. Hatukuwaona. Tulisikia nira ikilia, tukasikia ardhi ikipasuka, sauti ya chini, ya polepole, ikizunguka kilima. Ilipotea upande wa bondeni, ikarudi. Penye njia ya mtoni ilinyamaza, tukajua amebeba plau, ndilo lango. Penye njia ya chemchemi ikanyamaza tena, lango la pili. Malango yalikuwa hayo mawili tu. Kisha ikaanza kuja upande wangu.

Nilikuwa nimesimama mahali uliposimama mlango wa nyumba yangu. Miguu yangu ilipajua. Kwanza ikatoka pembe ya dume, kisha uso mweupe wa Kandida, halafu nyuma yao kivuli cha mume wangu, kichwa kimefunikwa kama maiti. Nikatamani kujitupa chini mbele yao. Najua ningeuawa. Nilikuwa nimekwisha nyanyua mguu.

Kandida akasimama.

Akashusha kichwa. Akanusa ardhi pale palipokuwa ukingo wa paa, akatoa ulimi akaanza kulamba. Alilamba udongo kwa pupa, akaukwangua, akapiga magoti ya mbele ili afike vizuri, na dume kwa kuvutwa na nira likasimama naye. Chuma cha plau kilikuwa bado hatua chache nyuma yao. Attus akaja mbio kwenye ukungu, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Hakuna aliyeruhusiwa kumpiga. Kurudi nyuma ilikuwa mwiko. Kilima kizima kilisimama kimya kikimtazama ng'ombe akila udongo.

Kisha Kandida akainua shingo akalia mlio mmoja mrefu, wa kushiba, ambao hadi leo nausikia.

Na Opiter, taratibu, akainua plau. Aliing'oa ardhini, akaiweka begani, akagonga ulimi mdomoni kidogo, na wanyama wakasonga. Alipita juu ya mwanetu akiwa ameibeba. Aliweka mguu wake kwa uangalifu kama mtu anayepita kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Hakunitazama. Upande wa pili akaishusha, ardhi ikaanza kupasuka upya, na ukungu ukawafunika.

Ilipokwisha, Attus alikaa chini akatafakari sana. Mwishowe akatangaza kwamba miungu wenyewe wamefungua lango la tatu, lisilo la mtu yeyote kupanga. Wazee wakaitika. Watu wakaimba. Nikapiga magoti mahali pale nikaweka kidole ardhini, nikakilamba.

Bonge zima lilikuwa mle. Lilisagwa laini, likachanganywa na udongo kiganja kwa kiganja, tena kwa juu juu, lisimfikie mtoto. Ndiyo maana Kandida alinyimwa siku zote zile. Hakuna mtu anayefanya kazi ya namna hiyo mara moja. Alikuwa akitoka usiku, mimi nikimsikia ndotoni, viganja vikigusa ukuta kwa nje.

Jioni nikamkuta mume wangu akimsugua Kandida mgongo kwa nyasi. Nikasimama nyuma yake.

"Opiter. Ile chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ile uliyoinywa."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na alinitazama kwa woga ambao sikuwahi kuuona kwake. Nikaelewa. Ikijulikana kwamba ni mkono wa mtu na siyo wa miungu, mfereji ungefukiwa, na aliyeuchezea angezikwa ndani yake.

"Ilikuwa chungu," akasema. "Sirudii tena."

"Mlevi wee," nikamwambia, nikakaa chini kwenye nyasi nikashika mguu wake, nikaukumbatia.

Tangu siku ile hatukulitaja. Aliishi maisha yake yote akiitwa mnywa chumvi. Wakwe walimtania, watoto wetu waliozaliwa baadaye walitaniwa na wenzao, na kila sherehe kulikuwa na mjinga wa kumficha Opiter kibakuli cha chumvi, watu wavunjike mbavu. Naye alicheka pamoja nao. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kucheka. Mara nyingi nilitaka kusimama katikati ya karamu niwapashe, na kila mara alinitazama tu, nikakaa.

Lango lile watu waliliita Lango la Mlio, kwa sababu ya Kandida. Wasabini wakaanza kulipitia kuja kwa chumvi, kisha wakaja wakwe, wahunzi, wakimbizi, watu wenye lugha zao na miungu wao. Wote wanapita juu yake. Mimi nimempa jina, ingawa si desturi. Siwaambii ninyi. Namwita nikipita, na katika ndoto ameshaacha kutambaa. Anasimama langoni akiwatazama watu wakiingia.

Mwaka jana Opiter alikufa, baada ya mavuno. Tulimchoma bondeni. Majivu nikayakusanya mwenyewe, nikayatia katika kijumba cha udongo chenye mlango na paa. Ukuta sasa ni wa mawe, Attus alikwisha kwenda zamani, na sidhani kuna atakayebomoa mji kwa ajili ya kikongwe anayeongea ovyo. Wanangu walipogeuka kufuta machozi, nilitoa bonge la chumvi nililolificha chini ya shuka, la ukubwa ule ule, nililolichangachanga miaka na miaka. Halikuenea. Nikalivunja, nikalisukumiza ndani kipande kwa kipande, hadi mlango mdogo ukajaa.

"Nimekurudishia, mume wangu," nikamwambia. "Sasa kanywe."