Machunjua ya Nyakerario

Sokoni Uriri walinijua kwa ndizi za kuiva na dawa ya chunjua. Mtu akiotwa na chunjua kidoleni, nilivunja kijiti cha mnyaa, nikampaka tone moja la utomvu, na baada ya wiki mbili lilianguka. Basi mwaka 1996, wiki tatu kabla ya harusi yake na Monari, mjukuu wangu Nyakerario aliponiomba utomvu ndani ya kichupa cha penisilini, nilimpa. Sikuuliza ni wa kidole kipi.

Siku ya tatu nikamwona ameketi benchini kwa tako moja.

"Umekalia nini, bibi harusi?"

"Hakuna kitu, magokoro."

Nikamenya ndizi, nikangoja. Nikamenya ya pili. Kwetu Wagusii msichana hamwambii mama yake habari za chini ya kiuno, ni mwiko. Nyanya, magokoro, ndiye wa kuambiwa, na wa kutaniwa pia.

"Yameota huko chini," akasema. "Nimepaka. Imeniunguza."

Asubuhi tukaenda hospitali, Migori. Nesi Phelesia akamwosha, akasema vidonda vipone kwanza, ndipo ampake dawa yenyewe.

"Na wewe nyanya, huo utomvu uache, hata wa vidole. Hii ni virusi. Inapita watu wakilala pamoja. Mpira unapunguza, haumalizi. Monari naye aje tumwangalie."

"Atasema nimetembea nje," Nyakerario akasema.

"Inaweza kukaa mwilini miaka kabla iote. Hakuna wa kujua ilianzia kwa nani."

Nikauliza kama ni saratani. Akasema virusi vya kuotesha machunjua kwa kawaida havileti saratani, ila vina ndugu zao wasiootesha kitu. Hao hukaa kimya kwenye mlango wa kizazi miaka mingi, na kwa wengine huishia saratani.

"Kipimo kipo. Wewe umewahi kupimwa?"

"Nimezaa saba! Mtachungulia nini?"

"Hao saba walipita hapo hapo."

Nyakerario akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Panda kitanda, magokoro. Ukipanda, namwambia Monari."

Nikapanda. Chuma cha kuchungulia kilikuwa baridi, na yote yakaisha kabla sijamaliza kulalamika.

Sabato, baada ya kanisa, akamwambia. Monari akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi. Harusi tukaisogeza mpaka Disemba, matibabu yaishe kwanza. Watu tuliwaambia ng'ombe mmoja wa mahari amekonda.