Mizani ya Vitunguu

Wiki sita Tluway hakula kama binadamu. Asubuhi uji usio na sukari, jioni mboga za majani zilizochemshwa tu, na katikati ni kupanda na kushuka vilima vya Kansay, amejifunga mifuko ya mbolea ndani ya koti mpaka jasho linajaa viatuni.

Si kwamba alipenda. Miaka miwili nyuma wakubwa wa chama cha ngumi walimwambia mkoa hauna bondia wa hevi, uzito wa juu kabisa, basi ale, anenepe, apande. Akala. Akafika kilo tisini na nne, akapigwa mapambano matatu mfululizo na watu walioumbwa wakubwa. Wakubwa walewale wakamgeukia: mwili wako ni wa laiti-hevi, shuka mpaka sabini na tisa, na ukizidi hata kidogo leseni tunaifuta. Mwenye mwili hakuulizwa.

Na leseni ndiyo iliyobaki. Mkewe Petronila alikuwa kaburini, shamba ndugu wameshagawana. Asipokuwa bondia, Tluway hakuwa mtu wa kuitwa kwa lolote.

Zahanati ya kwao ilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu. Kwa hiyo kila Jumamosi aliteremka Mang'ola, alikokuwa kibarua wa kupakia vitunguu, akaning'inia kwa mikono kwenye ndoano ya mizani ya mnunuzi kama gunia. Kila mkulima anajua mizani ya mnunuzi hula vitunguu vya watu. Lakini hii ilikuwa imekaguliwa, ina stika mpya ya serikali. Tluway akaiamini stika. Jumamosi ya mwisho ikasoma sabini na tisa kamili, kocha wake Remigius akacheza palepale juu ya maganda.

Siku ya pambano, Karatu, asubuhi ya baridi, akapanda mizani ya chama mbele ya watu.

"Themanini na mbili," akasoma Katibu Josephati.

"Haiwezekani, bosi. Juzi nilikuwa sabini na tisa."

"Juzi wapi?"

"Mang'ola. Kwenye ya vitunguu."

Ukumbi ukalipuka. "Rumbesa hiyo, gunia limefurika! Punguzeni vitunguu viwili!"

Hapo ndipo alipoelewa. Mizani ile ilimwibia kilo zake kama inavyowaibia wakulima, na stika ilibandikwa na mtu aliyekula chakula cha mchana kwa mnunuzi.

Wakampa saa moja. Akakimbia kuzunguka uwanja amejifunika blanketi, magari ya watalii yakimtimulia vumbi yakielekea geti la Ngorongoro. Remigius akamnyoa nywele, akamwambia ateme mate kwenye kopo. Mate hayakuwepo. Akapanda tena: themanini na nusu.

Katibu akafunga daftari, kisha akalifungua.

"Lekoko wa Endulen hana mpinzani, wake kaugua. Pigana naye hevi mchana huu, leseni ibaki."

Lekoko alikuwa na kilo mia na nne. Katibu akaandika kwa Tluway tisini na mbili ili atoshe hevi, bila hata kuitazama mizani.

"Bosi, si imesema themanini na nusu?"

"Unataka kupigana au unataka kunifundisha kazi? Watu wamejaa nje."

Remigius akamshika mkono. "Usisaini, mdogo wangu. Mwili umekauka, hata kukojoa huwezi."

"Kocha, nisiposaini, kesho nitaamka nikiwa nani?"

Akasaini. Akanywa maji jagi zima, akayatapika mlangoni, akanywa tena.

Mchana, wakifungwa glavu, Lekoko akamsogelea. Kijana mpole, mabega kama mlango.

"Shikamoo, kaka. Nimesikia walivyokufanya. Nitakugusagusa tu raundi mbili, ya tatu uanguke mwenyewe."

"Marahaba." Midomo ya Tluway ilikuwa imepasuka kwa kiu. "Usinionee huruma. Wakiona tumecheza maigizo wataniondoa. Piga kama unavyopiga wengine."

Lekoko akamtazama, akaitikia kwa kichwa.

Akampiga kama anavyopiga wengine. Raundi ya kwanza Tluway alisimama. Ya pili jicho la kushoto likafumba. Ya tatu alianguka, akainuka, akaanguka tena, na kule mezani Katibu alikuwa ameshageuka kuita pambano linalofuata.

"Leseni ipo?" akauliza akiwa amelala chali.

"Ipo," akasema Remigius, akilia. "Ipo, mdogo wangu. Usiamke kwanza."