Kinga ya Kilo Hamsini na Nane

Jumanne moja ya Februari, saa mbili kasoro robo asubuhi, Bi Zaitun alifika uwanja wa ndege wa Dodoma akiwa na hotpoti ya ugali wa mtama na mlenda. Binti yake wa pekee, Nasra, rubani wa ndege ya mizigo ya kampuni ya Tambarare Kago, alikuwa ametoka nyumbani Miyuji bila chakula, na Bi Zaitun hakuwa mama wa kuacha mwanawe arushe ndege na njaa. Alimsalimu mlinzi wa getini, akamuuliza hali ya mkewe, ya watoto, ya mguu wa mtoto wa pili, na ya mvua za kwao. Alimsalimu mwanamke wa mizani. Alimsalimu dereva wa trekta la mizigo, ambaye alizima injini kabisa kwa sababu alikuwa anamfahamu.

Bi Zaitun alikuwa Mrangi wa Busi, kule Kondoa, na salamu zake hazikuwa na njia ya mkato. Aliyekutana naye akienda mnadani alifika akakuta mnada umekwisha. Watu walimpenda sana, ila wenye haraka walizunguka kwa nyuma ya makaburi.

Fundi wa ndege, Imtiaz, mjukuu wa muuza vitambaa wa pale mjini, alikuwa ndani ya ndege, mkiani, akikaza skrubu, na Bi Zaitun alipanda akamfuata. Alipomwamkia, "Shikamoo, Mama Nasra," salamu zikaanza. Zilipofika kwa shangazi yake Imtiaz aliyeolewa Singida, mlango wa ndege ulifungwa. Mpakizi aliyeufunga alimwona mama mtu mzima yuko katikati ya salamu, akaona si adabu kumkatiza. Walipokuwa juu ya Bahi, Nasra aligeuka na kumkuta mama yake amekaa juu ya gunia la unga wa lishe.

"Mama, chakula si ungeacha tu mapokezi?"

"Nimekuletea mwenyewe. Kula kingali cha moto."

Ndege ilikuwa inaelekea nchi yenye vita, mwendo wa saa tatu. Ilibeba dawa, unga wa lishe, na makasha sita ya bluu yaliyoandikwa mitungi ya oksijeni. Kwa kuwa huko watu walikuwa na mazoea ya kutungua ndege, ilifungwa mfumo wa kujikinga. Kihisi cha mkiani kikiona kombora likija, kinapiga kengele. Rubani anabonyeza kitufe. Sanduku lililo tumboni mwa ndege linamwaga fataki za moto mkali, ili kombora, ambalo hufuata joto la injini, lihadaike na kufuata fataki. Kihisi kilikuwa kizima. Sanduku lilikuwa tupu tangu Agosti. Imtiaz aliandika barua saba kuomba fataki, na meneja wa kampuni, Bwana Fabian, alizijibu zote kwamba suala linashughulikiwa.

Kengele ililia walipoanza kushuka. Nasra alibonyeza kitufe, na chini ya sakafu pakasikika mlio mdogo kama wa kiberiti kilicholowa.

"Tupu, kapteni," alisema Imtiaz, ingawa wote walijua.

Nasra alitamka shahada na kuilaza ndege kushoto. Kombora nalo likalala kushoto.

Bi Zaitun aliliona kupitia kidirisha cha mkiani, ambacho kilikuwa hakifungi vizuri. Lilikuwa la kijivu, urefu wa mtu aliyejilaza, na lilikuja mbio. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini hili halikuwa na subira hiyo. Bi Zaitun hakuudhiwa na mbio zake. Aliudhiwa kuona linataka kuingia bila hodi.

"We mtoto," alisema kwenye upenyo wa kidirisha. "Kwenu mnaingia kwa watu hivyo, hata salamu hakuna?"

Kombora lilipunguza mwendo, likasogea mpaka likawa sambamba naye.

"Shikamoo," lilisema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeamkaje?"

"Salama tu, mama."

Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani. Bi Zaitun naye alikikuta shuleni, maana nyumbani kwao walisema Kirangi, kwa hiyo walikwenda taratibu na wakaelewana. Aliliuliza hali ya wa kwao. Lilisema limeacha ndugu wengi ghalani na hawakuwahi kuagana. Akalipa pole. Akaliuliza kama limekula, kama njiani lilisumbuliwa, kama huko lilikotoka mvua zilikuwa za kuridhisha. Hapo likaanza kuyumba.

"Samahani, mama. Mafuta yangu ni ya sekunde kumi na tano, na yalikwisha zamani. Niliona haya kukukatiza."

"Nenda salama, mwanangu. Asante kwa kusimama."

Lilianguka kwenye matete, halikulipuka. Nasra alilia mpaka magurudumu yalipogusa ardhi, kisha akala ugali wote na kukomba mlenda kwa kidole. Kwenye daftari la ndege Imtiaz aliandika: Kombora moja. Limesalimiwa na Mama Nasra. Hakuna hasara.

Bwana Fabian aliisoma taarifa hiyo ofisini kwake Makole na kufurahi kwa dhati, kwa sababu hakuwa mtu wa roho mbaya. Alimpelekea Bi Zaitun doti mbili za kanga. Kisha akafuta maombi ya fataki, na kumwingiza Bi Zaitun kwenye orodha ya vifaa vya ndege: mfumo wa kujikinga, kilo hamsini na nane, mmoja. Wakaguzi walikuja wakampima kwenye mizani ya mizigo, wakakuta uzito ni ule ule, wakasaini. Kila baada ya saa mia moja za kuruka, Imtiaz alimkagua presha, macho na magoti.

"Mama hapandi tena," Nasra alisema nyumbani.

"Nani atakaa nyuma yako?" aliuliza Bi Zaitun. "Barua?"

Basi mama yake akapanda, kila Jumanne na kila Ijumaa. Hadi Julai alikuwa amesalimiana na makombora sita, na yote yaliishiwa mafuta kabla hajamaliza kuuliza mifugo. Kule walikotua, kina mama wenye watoto wagonjwa walimsubiri kiwanjani na karanga za kuchemsha kwenye majani, wakamshika mikono yote miwili. Dawa zilikuwa zinafika. Watoto aliowakuta wamelala Machi aliwakuta Mei wanagombania kopo. Bi Zaitun alirudi Miyuji akiwa na shukrani iliyomjaa mpaka kooni, na akisujudu alikaa chini muda mrefu.

Kombora la saba lilikuwa na adabu kuliko yote. Lilimwamkia kabla hajafungua mdomo.

"Tunafahamiana?" aliuliza Bi Zaitun.

"Wewe hunifahamu, mama, lakini mimi ndege hii naijua. Ndiyo iliyonileta. Nilikaa hapo nyuma yako, kasha la bluu la tatu. Ulipita ukatusalimu, nasi tukashindwa kuitika kwa ile misumari ya kifuniko."

Lilikaa naye kidogo, likaomba radhi kwa siku ile, likaenda zake kwenye matete. Mlango wa chumba cha rubani ulikuwa wazi, na Nasra alisikia kila neno.

"Imtiaz," alisema bila kugeuka. "Fungua kasha moja."

Imtiaz alibandua kifuniko kwa bisibisi. Ndani, kwenye maranda ya mbao, yalilala makombora mawili.

"Shikamoo," lilisema la kwanza.

"Shikamoo," lilisema la pili.

Imtiaz akafungua makasha yote. Zilitoka shikamoo kumi na mbili, na Bi Zaitun aliitika marahaba kumi na mbili, moja moja, maana si vizuri kuitikia watu kwa jumla.

Kesho yake Nasra alikwenda Makole. Bwana Fabian alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Alimshukuru kwa uaminifu wake. Alisema wenye makasha ndio wanaogharamia safari. Makasha yakishushwa, ndege haitaruka, na dawa zitaoza hapa hapa Dodoma. Alisema suala linashughulikiwa. Nasra akawaandikia wakaguzi pia. Walikuja, wakafungua makasha, wakasalimiwa, wakaitika, wakahesabu mitungi kumi na miwili, wakakuta hesabu inalingana na karatasi, wakasaini.

Siku tatu Nasra alikuwa na barua ya kuacha kazi kwenye mkoba. Siku ya nne ilikuwa Jumanne, na kule kulikuwa na wodi ya watoto arobaini wanaosubiri. Alivaa sare akaenda uwanjani, na alijichukia njia nzima.

Bi Zaitun naye alikuwa amefikiri. Ndege ilipotulia angani, alisogea mpaka kwenye makasha na kugonga la kwanza.

"Hodi humo. Tusalimiane sasa hivi, huko mtakuwa na haraka."

Walikuwa na saa tatu. Aliuliza yote aliyokuwa hajawahi kupata muda wa kuyauliza, hadi mifugo, hadi majina ya babu zao. Yalipozoea, Imtiaz alimfungulia vifuniko, naye akawaonyesha mbele.

"Mnamwona yule kwenye usukani? Kile kisogo chenye mtandio wa kijani? Yule ni mwanangu. Sina mwingine."

"Tumemwona, mama," yalisema.

"Mkitumwa, mtamkumbuka?"

"Tutamkumbuka."

Aliwashukuru, na alimaanisha. Alifanya hivyo kila safari, kila shehena mpya. Kengele haikulia tena. Mara moja moja kombora lilionekana likipanda kutoka msituni, likifika karibu linainamisha pua kidogo kama anayepita mbele ya wakubwa, kisha linakata kona. Bwana Fabian alishukuru. Wapakizi walishukuru. Nasra alianza kulala usingizi wa kutosha, na mama yake, akimsikiliza anavyokoroma chumba cha pili, alimshukuru Mungu kwa kila mkoromo.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumapili, ndege ya shirika jingine iliyokuwa njia ile ile haikufika. Ilibeba wauguzi watano. Rubani wake alikuwa Evelina, aliyesoma urubani pamoja na Nasra, na mara mbili alikuwa amekula Miyuji na kusifia mlenda. Nasra alikaa barazani siku nzima na viatu mkononi.

Jumanne waliruka. Bi Zaitun aligonga kasha la kwanza, yakaamkia, akaitika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliacha salamu katikati.

"Ile ya Jumapili," alisema. "Ni nyinyi?"

"Ni wa shehena ya mwezi uliopita, mama," lilijibu moja. "Tulikuwa nao ghalani."

"Wale niliwasalimu. Waliniahidi."

"Walikuahidi huyu, na huyu hawakumgusa." Kombora lilisema kwa upole, kama anayemweleza mtu mzima njia. "Wa ile nyingine hakuna aliyetutambulisha kwao."

Mbele, Nasra alipiga mwayo, akarekebisha mtandio, akaandika kitu kwenye karatasi iliyokuwa gotini. Alikuwa mzima. Bi Zaitun alishukuru; alishukuru kwa moyo wake wote, na aliijua bei ya shukrani hiyo na nani ameilipa, na aliona aibu kubwa.

"Asanteni, wanangu," alisema.

Kisha akasogea kwenye kasha la pili, ambalo lilikuwa bado halijamwona binti yake, akaligonga.

"Yule pale mbele," alisema. "Mtazameni vizuri."