Kingamwili Iliyotua Karungu

Asubuhi hiyo Phelesia alikuwa ufukweni Karungu akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu na kufukuza kuku. Kuanika kulikuwa rahisi. Kuku ndio waliomtoa jasho. Zablon, mwenye mashua na nyavu zote za hapo, alikuwa amepiga marufuku kuku wa Karungu kudonoa omena hata mmoja, kwa kuwa omena hao walikuwa wa kuku wa Nairobi. Wakikauka walitiwa magunia, wakapakiwa kwenye lori, wakaenda kusagwa kiwandani kuwa chakula cha kuku wa mayai. Sangara nao walikuwa na safari yao. Minofu ilikwenda Ulaya kwa ndege, wenyeji wakaachiwa mifupa, ile inayoitwa mgongo wazi, na hata hiyo ilikuwa imepanda bei. Hivyo Phelesia, aliyeamka na kulala kando ya ziwa lenye samaki, alimlisha binti yake ugali wa muhogo na maji ya chumvi.

Binti huyo, Valary, alikuwa darasa la sita. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na miguu kuvimba. Baba yake alifariki mwaka uliotangulia. Mwaka huo wa 1998 Phelesia alitaka jambo moja tu, mtoto wake ale samaki.

Wiki chache kabla ya hapo, Daktari Frankline wa kituo kimoja cha utafiti Homa Bay alikuja zahanati akawatoa watoto damu na kuwapa pipi moja moja. Alikuwa kijana mpole, hakumficha mtu kitu. Aliwaeleza kina mama kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna msimamizi anayeanzisha kazi ya kutengeneza protini. Chakula kisipokuja, mwili humbandika msimamizi huyo alama ya fosfeti, na kazi inasimama. Sasa yeye alikuwa ameletewa kingamwili kutoka ng'ambo, iliyotolewa kwenye damu ya sungura, ambayo humtambua msimamizi akiwa na alama tu. Asipokuwa nayo, inampita bila hata salamu.

"Na ikishamtambua?" Phelesia aliuliza.

"Inamshika."

"Halafu?"

"Halafu sisi tunajua."

Phelesia alingoja aendelee, lakini maelezo yalikuwa yameishia hapo.

Jumanne moja stima, yaani umeme, ikapotea Homa Bay, friji ya kituo ikapata joto, na kingamwili ikatoka. Ilishika barabara ya Rodi kwa miguu, ikapumzika Ndhiwa, na mwisho wa juma ilikuwa Karungu. Ilikuja kama kundi la vijitu, kila kimoja ukubwa wa panzi, mguu mmoja na mikono miwili iliyoinuliwa juu. Waliingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi, wakawapita walioshiba, wakaenda moja kwa moja kwa mwenye njaa na kumshika begani kwa mikono yote miwili. Valary aliamka akiwa nao tele, bega hili na hili.

Hakuna aliyepiga kelele. Mgeni ni mgeni, na huko Ujaluoni humuulizi shida yake kabla hujamwekea chakula, basi Phelesia akawamegea kipande cha ugali. Hawakula. Moyoni alishukuru, maana unga ulikuwa umekwisha.

Daktari Frankline alifika kwa pikipiki akazunguka kijiji kizima. Kuwakamata hakukuwa na haja. Alitaka tu kuona wamekaa wapi. Kwa Chifu hakukuwa na hata mmoja. Mmoja alikuwa ametua mkononi mwa Zablon, akapapasapapasa, kisha akashuka kwa aibu na kwenda zake.

"Kazi safi," daktari alisema. "Haikosei hata kidogo."

"Kwa hivyo sasa mmejua," Phelesia alisema.

"Tumejua kabisa, mama."

"Basi huyu mtoto apewe maziwa."

Frankline alimweleza kwa upole kwamba maziwa ni idara nyingine. Zaidi ya hayo, mtoto akinywa maziwa alama itatoka na utafiti utaharibika. Tatizo lililobaki ni kwamba wageni hawakuonekana vizuri kwa mbali, ila asiwe na wasiwasi, angeandika ng'ambo waletewe msaada.

Chifu naye aliitisha baraza. Alisema hakuna njaa katika lokesheni yake na haijawahi kuwako. Hao walikuwa wageni tu, na watu wa Karungu wanasifika kwa ukarimu. Kukija mkubwa, aliongeza, watoto wavae sweta.

Habari ya msaada ilienea. Siku ya mzigo kufika, kina mama walijaa zahanati na sufuria, bakuli na ndoo. Mzigo ulikuwa boksi la ukubwa wa viatu, limejaa barafu, na ndani yake kichupa kimoja. Frankline alifafanua kwamba hii ilikuwa kingamwili ya pili. Hiyo haimjui mtu wala haijui njaa. Inaitambua ile ya kwanza tu, na kazi yake ni kuikalia na kutoa mwanga.

"Yaani wametuma mgeni aje kumtembelea mgeni," Phelesia alisema.

"Ndiyo hivyo, mama."

Alirudi nyumbani na sufuria yake tupu, na njia nzima alikuwa na hasira kiasi cha kutoitikia salamu. Kichupa kilifunguliwa, na jua lilipotua, watoto wa Karungu wakaanza kuwaka rangi ya buluu, kama moto wa stovu iliyosafishwa vizuri.

Wa kwanza kuona faida alikuwa Zablon. Omena huvuliwa kwa taa. Unaiweka taa juu ya maji, nao wanaifuata. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda bei mpaka akaanza kulala vibaya. Jioni moja alimwona Valary akiosha sufuria ukingoni mwa ziwa, na omena wamemzonga miguuni mpaka maji yanachemka. Kesho yake alifika kwa Phelesia na heshima zake zote, akapewa kigoda.

"Min Valary," alisema, yaani mama Valary, "huyu mtoto ana kazi."

"Wuon yie, bwana mwenye mashua, si nyinyi mnasema mwanamke hapandi?"

"Mwanamke hapandi. Taa inapanda."

Malipo yalikuwa gorogoro moja, kopo la kilo mbili, ya unga wa muhogo. Sharti lilikuwa moja: mtoto asile samaki. Zablon alikuwa ameshazoeana na Frankline, na Frankline, asiyeficha kitu, alikuwa amemwambia kwamba ugali wa muhogo hauudhuru ule mwanga, lakini samaki huuzima. Phelesia alikubali kwa sababu debe la unga lilikuwa tupu, na alijichukia kwa kukubali.

Mashua za Zablon zikaacha karabai nyumbani. Kila moja ilibeba mtoto wake mbele, amefungwa kamba kiunoni asidondoke akisinzia, na ghuba yote ikawaka hata watu wa kisiwa cha Mfangano wakawa wanatoka nje kutazama. Mkubwa mmoja wa serikali, akipita kwa boti, aliuona ule mwanga akaandika kwamba Karungu imeshapata stima. Nguzo zilizokuwa zije zikapelekwa kwingine. Magunia ya omena yaliongezeka maradufu, na kuku wa Nairobi walitaga vizuri mno.

Valary akawa analala darasani. Siku moja, akianua omena, Phelesia alifunga konzi kadhaa kwenye pindo la leso, akaenda kuwakaanga kwa nyanya. Mtoto alikula mpaka akalamba sahani. Mama alifanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Kisha wageni wakaanza kumwachilia Valary mmoja mmoja, kwa adabu, wakavuka ua kwenda kwa majirani. Jioni hiyo nyumba ya Phelesia ilikuwa giza totoro, naye akakaa humo akilia kwa furaha.

Frankline alifurahi kumshinda. "Imeshika, na sasa imeachilia! Hicho ndicho kipimo tulichokuwa tunakosa. Mama, sasa mrudishe vile alikuwa, tuone tena."

Zablon hakuwa na hasira. "Min Valary, taa yangu imezimika."

"Imekula."

"Sawa. Kuna zingine."

Akamchukua mtoto wa jirani, na akaamuru kila mwanamke anayetoka kuanika omena afunguliwe leso akaguliwe. Kwa Phelesia hakukuwa tena na unga wala samaki. Haukupita muda, wageni wakarudi mabegani mwa Valary, wakajipanga walivyokuwa wamekaa mwanzo.

Hapo Phelesia akaamua. Kila mgongo wazi alioupata, kila kichwa cha samaki alichopewa kwa kumfulia mtu, kiliingia kinywani mwa mtoto. Yeye alikula ugali mtupu, unga ukipatikana. Wageni wakatafakari siku kadhaa, kisha wakahama bega kwa bega, kutoka kwa binti kwenda kwa mama, wakamjaa mpaka mikononi. Zablon alimjaribu kwenye mashua, akakuta anang'aa kuwashinda watoto wawili na hasinzii. Akamwandika kazi. Kila alfajiri aliposhuka, Phelesia alikuwa na konzi moja ya omena chini ya kitambaa cha kichwa, kwa kuwa wanawake walikaguliwa lakini taa haikukaguliwa. Konzi hiyo ilimtosha mtu mmoja.

Utafiti ulichapishwa ng'ambo. Frankline alimletea nakala yenye picha ya mkono wa Phelesia, akampongeza, akamwomba abaki vivyo hivyo mpaka awamu ya pili. Phelesia alimwambia hana mpango wa kwenda popote.

Jioni hiyo, kabla ya mashua kutoka, Valary alikuwa na mtihani wa kesho na kibatari hakikuwa na mafuta. Alimaliza omena wake, akasukuma sahani kando, akafungua kitabu cha sayansi. Sura ilikuwa ya chakula bora, na juu ya ukurasa kulikuwa na mchoro wa samaki.

"Na wewe, Mama?"

"Nitakula kwa mashua."

Valary aliinamia kitabu. "Mama, sogea kidogo. Sioni huku chini."

Phelesia alisogea. Kutoka ufukweni Zablon aliita kwamba taa yake imechelewa, na mashua zingine zimeshaondoka. Phelesia aliuinua mkono wake juu ya kitabu, mwanga ukaangukia chini ya ukurasa, mpaka mtoto alipoumaliza. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kazini.