Thelathini na Sita Nukta Nane

Sista Chati alipewa likizo ya siku kumi na nne baada ya kuiomba kwa miaka mitatu, na siku za kwanza alizilala. Si ule usingizi wa watu wengine. Alilala na sare, mdomo wazi, mpaka mumewe akawa anapita mara kwa mara kuhakikisha anapumua. Jumanne, siku likizo ilipoanza, mama mkwe wake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri na kulazwa kwenye wodi anayofanyia kazi Sista Chati mwenyewe, na ukoo mzima ulikuwa umetulia tuli. Wasiwasi wa nini, na mkwe ni nesi?

Watu wanapenda kuwaita manesi malaika. Lazima wapende! Malaika hali, halali, haumwi mgongo, wala haulizi zamu ya kesho ni ya nani. Ukishamwita mtu malaika, huna haja ya kumtafutia msaidizi.

Jina la Sista Chati alipewa na wakaguzi. Walikuja wakafunua chati za wodi ya upasuaji, wakakuta kila mgonjwa amepimwa joto, mapigo na presha kwa saa zake, mwandiko umenyooka, hakuna kisanduku kitupu. Wakampigia makofi. Hakuna aliyejiuliza nesi mmoja amewapimaje wagonjwa arobaini huku kuna dripu za kubadilisha, vidonda vya kusafisha, dawa za kugawa, na ndugu wa wagonjwa wanaofoka kwamba shuka halijabadilishwa tangu jana. Basi hakuwapima. Aliwapima wanaotisha, waliobaki akawaandikia. Kisanduku kikiwa kitupu, unaitwa ofisini ujieleze. Kikiwa na uongo, hakuna anayekuuliza kitu.

Ujanja huo alimfundisha msichana waliyepokezana naye zamu, ambaye wodi nzima ilimwita Mgeni. Alikuwa na mwaka wa pili kazini, lakini jina lilimganda kwa kuwa baada yake hakuajiriwa mtu mwingine. Wiki yake ya kwanza alikutwa stoo akilia, saa ya kupima imefika na hajamaliza hata nusu ya wodi.

"Futa machozi," Sista Chati alimwambia. "Pita uwatazame usoni. Anayetisha, mpime. Asiyetisha, mwandikie thelathini na sita nukta nane. Namba hiyo haigombani na mtu."

Jumatano mchana Sista Chati aliamka kidogo, akapiga simu wodini kumuulizia mama.

"Yuko vizuri, dada," Mgeni alisema. "Anatuvunja mbavu tu hapa. Joto thelathini na sita nukta nane."

Alhamisi akapiga tena.

"Vizuri, dada. Thelathini na sita nukta nane."

Aliisikia. Tusimsingizie usingizi, aliisikia vizuri kabisa. Alijua mama hajapimwa. Alijua pia kwamba akiuliza swali moja zaidi itabidi ainuke, avae viatu, aende kule kule alikokimbia. Miguu ilikataa. Akajiambia kwamba mtu anayechekesha wenzake hatishi, akageukia ukutani.

Ijumaa alikwenda, amebeba chupa ya supu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo, na chati ya mama mkwe ilikuwa imeshajazwa mpaka saa nane mchana. Mwisho wa wodi Mgeni alikuwa ameinua mguu wa mgonjwa kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine anazungusha bendeji, sare imemlowa mgongoni.

"Umekuja, mkwe wangu," mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimemwambia huyu mtoto asinihangaikie. Wagonjwa ni hawa wengine, mimi nimekuja kuwatazama."

Sista Chati alimshika mkono. Ulikuwa wa moto. Alipofunua bendeji ya tumboni harufu ilimpanda puani, na kabla hata ya kuchukua kipimajoto alishajua. Thelathini na tisa nukta nne.

"Mama, mbona hukusema unajisikia vibaya?"

"Ningemwambia nani? Maskini wa Mungu, tangu asubuhi hajapata hata nafasi ya kwenda chooni."

Daktari alikuja mbio, dawa za nguvu zikatundikwa, lakini kidonda kilikuwa kimeshatia sumu kwenye damu. Mama alifariki Jumapili asubuhi.

Wiki ya msiba mume wa Sista Chati hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na moja tu: "Aliyemuua mama yangu, namtaka." Mawifi walishampata. Walikuwa wameipiga picha ile chati iliyojazwa kabla ya saa yake, wakaisambaza kwa jamaa na majirani, na wale wale waliozoea kusema malaika sasa walisema muuaji. Mgeni aliandika maelezo ya mstari mmoja: nilikosea. Hakumtaja aliyemfundisha.

Siku ya kikao cha nidhamu waliketi wanne katika ofisi ya matroni: matroni mwenyewe, mume akiwakilisha ukoo, Mgeni, na Sista Chati. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Mgeni anyang'anywe leseni, asiguse mgonjwa tena maisha yake yote.

"Wewe saini hapa tu," matroni alimwambia Sista Chati. "Kama shahidi."

Kunyamaza kungetosha. Angesaini, angebaki na mumewe, na kazi yake, na sifa ya mwandiko ulionyooka. Aliitazama kalamu mpaka mumewe akamgusa kiwiko.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Nimewaandikia watu namba hiyo kabla huyu hajamaliza hata shule. Tulikuletea barua nne, matroni. Tulisema hatuwezi."

"Barua nilizipeleka juu," matroni alijibu haraka.

Sista Chati alimgeukia mumewe. Hili ndilo lililomchoma. "Na mama nilijua hajapimwa. Nilijua kwenye simu."

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Uliniona nilivyolala."

Mume alikuja kumtafuta muuaji, kumbe ameketi naye bega kwa bega, na hasira aliyokuja nayo haikujua ikae wapi.

Matroni alikohoa, akaikunja ile karatasi. Akasema basi wote wawili watasimamishwa kazi miezi mitatu, na likizo ya Sista Chati imefutwa.

"Kuanzia leo?" mume aliuliza.

"Kuanzia tarehe mosi mwezi ujao. Kwa sasa hakuna mtu wa kushika wodi."

"Yaani kesho wanaingia?"

"Kesho asubuhi."

"Wagonjwa wangapi?"

"Arobaini na watatu."

Mume alicheka mara moja, kicheko kibaya. Akasimama. "Leo usije nyumbani," alimwambia mkewe bila kumtazama. "Nenda kwa dada yako. Sijui nikuambie nini." Akatoka, mlango akauacha wazi.

Sista Chati alitaka kumfuata. Matroni alikuwa ameshafungua daftari la zamu.

"Nani wa asubuhi, nani wa jioni?"

Mgeni alianza kuinua mkono.

"Asubuhi niandike mimi," Sista Chati alisema. "Na jioni mimi. Huyu mwache kesho alale."

Matroni akaandika bila kuinua uso.