Mti wa Hema Umebaki Meknes

…basi asimame tu hapo katikati, ndivyo walivyomwambia, Yamna simama hapo unyooshe mikono, dakika moja tu tutafute kijiti cha kulisimamisha, naye akasema sawa, akaingia chini ya hema, mikono juu, viganja vimebeba kilele cha turubai kama alivyokuwa akibeba ubao wa mikate kwenda tanuri la mtaani, ila ubao ulikuwa na pa kwenda na hema hili haliendi popote, limemshukia pande zote, zito, lina unyevu, na huko nje, ng'ambo ya kitambaa, rafiki zake wawili wanarushiana maneno kama wasichana kisimani, "Hafida, wewe ndiye uliyepakia, mimi nilikuuliza, nikakuuliza tena," huyo ni Touria, mwenye gari, mwenye wazo, na Hafida anajibu kwa ile sauti yake ya mtu aliyeonewa tangu kuzaliwa, "Nimepakia! Buli lipo, sinia lipo, glasi nimezifunga kwenye taulo hata moja haikupata ufa, nanaa ipo, sukari ipo," "Na mti wa hema?" "Mti upo," "Upo wapi?" "Nyuma ya mlango," "Mlango gani, Hafida?" "Wa kwangu. Meknes," kisha Touria akacheka kile kicheko chake cha kukatika mbavu, na Yamna alijua hapo ni pa kucheka, alikitambua kicheko kama unavyotambua gari linalopita barabara ya pili, unalisikia, si la kwako, halisimami… Alhamisi eda ilikwisha, akavua nguo nyeupe akazikunja, Touria akampeleka hamamu akamsugua mgongo mpaka ukawaka, akamwambia ngozi hii yote ulikuwa unamtunzia nani, shoga, na wanawake wakacheka katika mvuke, na papo hapo, maji yanamchuruzika usoni, Touria akasema Jumamosi tunakwenda Azrou, kwenye mierezi, tunapanda mlima, tunalala kwenye hema kama hawa watoto wa siku hizi wanaojipiga picha, na yeye akasema sawa, kama alivyomwambia muuza samaki sawa alipompa dagaa wa jana, kama alivyomwambia Anouar sawa, mwanawe, aliyepiga simu kutoka Tanja, "Jumatatu nakuja na lori, Mama, tunachukua vitu vyako, unakuja kukaa na sisi," sawa mwanangu, "Nyumba tutaifunga, baadaye tutaona," sawa, na keshokutwa ndiyo hiyo Jumatatu, lori litasimama mdomoni mwa kichochoro, majirani watatoka milangoni, watabeba kabati, watabeba magodoro, watambeba na yeye… Si kwamba hataki, si kwamba anataka, alijitafuta ndani kote kama mtu anayetafuta miwani, hakukuta kitu, chumba cha watoto huko Tanja amekwisha kulala, kitanda cha chini, mjukuu juu yake anakoroma, upepo wa Tanja unagonga madirisha usiku kucha, na mkaza mwana ni mtu mwema, maskini, hata glasi hamwachii aoshe, "Kaa Mama, pumzika Mama," kaa, pumzika, mpaka mtu anaona haya kuwa na mikono… Mikono imeanza kufa ganzi, vidole kwanza. "Yamna, upo?" Hafida anauliza. "Nipo." "Hujachoka?" "Hapana, tafuteni tu." "Mwenzangu, kuna miti mlima mzima na hakuna hata kijiti kimoja kilichonyooka, hivi Mungu aliumba msitu wa nini?" na Touria, "Wewe inama, utaviona, shida yako huinami," "Nitainama na magoti haya? Na wewe uliyepanda mlima kwa ndara za nyumbani, una haki ya kusema?" kweli, alipanda kwa ndara, ya kushoto ikaachama kinywa kabla hawajafika kwenye chemchemi, akaifunga kwa kilemba chake, akaenda hivyo hivyo anachechemea na kichwa wazi, anaimba, na waliporudi kwenye gari kima wakashuka mwerezini wakachukua mkate wote, mmoja akakaa juu ya gari akaula akiwatazama, Hafida akamtukania mama yake, na Yamna alikuwa amekaa pale kwenye jiwe akitazama, akifikiri, kima ana vidole kama vya mtu, basi, hakufikiri zaidi… Ukungu unashuka, anausikia kwa pua, na chini ya ukungu kuna harufu nyingine, ya turubai lenyewe, makaa, maji ya maua ya machungwa, jasho la wanaume wengi, na ndani kitambaa hiki chekundu chenye matao ya kijani, na hapa karibu na jicho tundu, dogo, kingo nyeusi, cheche ya makaa iliruka ikalichoma… analijua. Analijua tundu hili. Hema ni la mpwa wake Hafida, anayekodisha mahema ya arusi na ya matanga, "Amenipa lile dogo," alisema Hafida garini akijisifu, "bure kabisa, ametoa moyoni," na bila shaka alikuwa nalo hili moja tu dogo, linaloingia kwenye vichochoro, na katika kichochoro chao ndilo lililosimama zile siku tatu za matanga, limebanwa kati ya kuta mbili, ubavu umelalia dirisha la jiko lake, na chini yake wasomaji wakasoma Kurani, na wanaume wakala kuskusi, na Bouazza, mumewe, aliyekwisha kuzikwa, hakuwepo kulalamika kwamba nyama ni ngumu… Hafida hakumbuki. Hakukumbuka wala hakufikiri, ni Hafida, akiambiwa atalia mpaka asubuhi na Touria atamzomea, asiambiwe, aachwe atafute kijiti… siku ile Yamna alikuwa jikoni, amesimama na sinia la glasi, na tundu lilikuwa usawa wa jicho lake kama sasa, akaona kupitia hapo shingo ya Anouar kwa nyuma, shingo ya babake hasa, na ami yake yuko pembeni anaokota punje za kuskusi kwenye kanzu yake ya jalaba, na Anouar anasema, "Mama atakuja kwetu, nyumba tutaifunga," na ami, "Umemuuliza?" na Anouar, "Mama? Mama hana neno," taratibu, kwa huruma, mtoto mwema, na yeye nyuma ya turubai akawaza, kweli, sina neno, akageuka akaongeza maji kwenye buli… hana neno! Yeye! Laiti Bouazza angesikia hilo angecheka mpaka akohoe, angetafuta mtu wa kumthibitishia kwamba amesikia vizuri, maisha yao yote dirisha hilo hilo yeye alilifungua na Yamna akalifunga, "Tutakufa kwa joto, mwanamke," "Kufa wewe, mimi shingo yangu haitaki upepo," redio akaipandisha, akaishusha, chumvi, pilipili, jina la huyo huyo Anouar walishindana wiki nzima mtoto yumo mikononi hana jina na wageni wako mlangoni, na Bouazza akasema sawa, sawa, liwe lako, na akaenda kumwambia mtaa mzima kwamba jina amelichagua yeye… nani sasa atashindana naye, dirisha lipo wazi au limefungwa ni mamoja, tangu siku aliyozikwa anapita asubuhi analitazama tu… Mabega yanauma. Hilo ni jipya, yanauma kweli, moto umeshuka mpaka kwenye mbavu, na akajisemesha, basi shusha, shusha mikono mwanamke, liache lianguke, watalala kwenye gari, vikongwe watatu magoti kwenye videvu, hakuna atakayelaumiwa isipokuwa Hafida na Hafida amezoea, na akakunja viwiko, turubai likashuka polepole likamgusa nywele, likamlalia usoni na ile harufu yake yote, giza, makaa, maua, na viwiko vikanyooka. Hakuvinyoosha yeye. Akajaribu tena, kwa hasira kidogo, shuka, na mikono ikakataa, ikatetemeka na kukataa, inauma na inakataa, akabaki anaisikiliza kama mtu anayesikia hatua ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu… "Yamna!" Touria huyo, karibu, simu yake Yamna aliiacha kwenye kapu la Touria, "Yamna, Anouar anapiga! Nimepokea. Ee mwanangu, hatujambo, mama yako yupo, yumo hemani… hapana, hatujaliwa na mbwa mwitu, tumeliwa na kima… Yamna, anauliza keshokutwa lori lije asubuhi au adhuhuri, mtu wa lori anataka kujua!" na kupitia tundu akaiona ndara ya Touria na kilemba kilichofungwa juu yake, kimelowa tope, na mkono wa Touria umeshika simu mbali na sikio ili na Hafida asikie, wote wawili wamesimama wanalitazama hema, wanangoja ile sawa, na yeye mwenyewe akaingoja, alifungua kinywa aitoe, ilikuwa imekaa pale pale siku zote… "Mwambie lori lisije." "Umesemaje?" "Lisije. Asubuhi lisije, adhuhuri lisije." Hafida akasema kwa mnong'ono ambao ungesikika Azrou nzima, "Amesema lisije!" "Nimesikia, mimi si kiziwi," na sauti ndogo ya Anouar kwenye simu inauliza, inauliza tena, juu kidogo, kama alivyokuwa mdogo akiamka usiku, na moyo ukamfinya Yamna, hilo nalo likauma, acha liume, atampigia, atamweleza, ingawa la kumweleza bado hajalijua, na jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta… "Yamna," Touria akasema, taratibu sasa, hachezi, "anauliza kwa nini. Anataka kuzungumza na wewe. Nikuletee simu?" "Siwezi sasa," akasema, "mwambie nimeshika hema," na akamsikia Touria akivuta pumzi, kisha akiyarudisha kwenye simu maneno hayo, moja moja, bila kuongeza la kwake: "Anasema ameshika hema."