Shamba la Ngano la Desmond Allsop

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Desmond Allsop alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza nne za ukumbi wa kanisa pale Belper, mji mdogo wa Uingereza, akaanza kupanga nchi. Vilima kwanza, vya povu gumu la kufungia friji, alilolichonga kwa kisu cha mkate. Kisha miti, ambayo zamani ilikuwa brashi za kuoshea chupa. Kisha nyumba ya kadibodi iliyomlia wiki tatu nzima, mlango wake umepakwa buluu kwa ufundi hata ungedhani unafunguka. Haufunguki. Ni rangi tu. Mwisho akalaza shamba la ngano mbele ya nyumba.

Ngano ile ni kizulia cha makumbi, cha kufutia miguu. Wote wanaocheza mezani mchezo wa vita vya Napoleoni kwa askari wadogo wa madini ya risasi hutengeneza ngano hivyo. Ila wenzake huenda dukani. Desmond alikata cha mlangoni kwake, miaka miwili nyuma, mkewe Doreen akiwa hospitali. Siku aliyoruhusiwa kutoka ilikuwa Jumamosi, akapiga simu Desmond aje kumchukua. Desmond alikuwa ukumbini, farasi sita kiganjani, akamwambia vita ndiyo kwanza vinaanza.

"Usijisumbue," Doreen alisema. "Nitapanda basi."

Alipanda mabasi mawili na mshono wake tumboni. Alipofika nyumbani alikitafuta kizulia, akakikosa, akafuta miguu kwenye saruji. Baada ya wiki tano alifariki.

Basi, Jumamosi hii Norman Bagshaw, mpinzani wake wa miaka ishirini na sita, aliingia na masanduku ya Wafaransa wake, akainama kuikagua meza.

"Des, Doreen yupo kwenye ngano yako."

"Namwona."

Alikuwa na kimo cha askari, kama kiungo cha kidole gumba, amevaa koti la mvua, begi la hospitali mkononi. Alikuwa akifuta miguu kwenye makumbi, wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia. Alipomaliza akagonga mlango wa buluu.

"Anahesabiwa jeshi la nani?" Norman aliuliza.

"Si la mtu. Raia hahesabiki. Kanuni, ukurasa wa arobaini."

"Kitabu umekiandika mwenyewe, mjanja we. Haya, mizinga yangu inakaa hapa, inaielekea nyumba. Nifanyeje?"

"Lenga juu kidogo."

Doreen akagonga tena. Desmond akatoa wembe. Mikato mitatu tu, juu, chini na ubavuni, na mlango ungefunguka. Akaweka ncha kwenye rangi. Kutu ya bawaba za mlango ule alikuwa ameichora kwa brashi yenye nywele mbili, Jumapili nzima, bila chai. Norman alikwishashika dadu.

"Dor, mpenzi, nakufungulia sasa hivi," Desmond alisema. "Tumalize raundi hii."

Doreen alitua begi, akalikalia, kama watu wanavyokaa kituoni.

Raundi zilikuwa kumi na mbili. Saa sita Norman alimega chembe ya sandwichi yake ya jibini, akaiweka kando ya begi. Doreen akamshukuru. Mizinga ya Norman haikuigusa nyumba mchana kutwa, na kwa ajili hiyo walinzi wa Napoleoni waliteketea wote kilimani. Saa kumi Desmond alikuwa ameshinda, mara yake ya kwanza mwaka ule. Alipeana mkono na Norman, akauandika ushindi kwenye daftari, ndipo akauokota wembe.

Doreen alikuwa amesimama, anafunga vifungo vya koti.

"Nafungua, Dor. Ndiyo hivi nafungua."

"Usijisumbue," Doreen alisema. "Nitapanda basi."

Akakatiza shamba, begi likimvuta bega, akafika ukingo wa meza, na hakuwepo tena.

"Amekonda," Norman alisema.

"Alikuwa hivyo hivyo."

Wakapakia nchi masandukuni. Katikati ya ngano palibaki mahali palipolika, upana wa kucha mbili.

Jumamosi iliyofuata Desmond aliligeuza shamba, palipolika pakaelekea upande wa Norman. Mlango wa buluu alikuwa ameurudia rangi mkono wa pili, nao uling'aa.